Mpaka Feni Isimame Yenyewe

Somanda, Bariadi
Usiku wa kuamkia safari yako

Kabula mwanangu,

Mama yako ameshakupa maagizo yote ya njiani na ya chuoni, nami nilikuwa nimekaa palepale nikisikia. Maji uchemshe. Nauli uigawe mara mbili, nusu uishonee kwenye pindo la sketi. Soda ya mtu usiyemjua usinywe hata kama kiu inakuua. Yote kweli, sina cha kuongeza. Mimi nimeshika kalamu kwa jambo moja, na unanijua: jambo likiwa la kunilipa naliendea moja kwa moja, likiwa la kunidai nalizunguka. Leo nitajitahidi nisizunguke sana.

Nianze na hiyo Songea. Ulipopata nafasi mbili za uuguzi, moja Mwanza na moja Songea, sikuwa na wasiwasi. Nilijua umerithi hesabu zangu, na kwa hesabu yoyote ile ungechagua Mwanza. Unapanda gari asubuhi, unapita Lamadi, mchana umefika. Ungekuja nyumbani hata kwa Jumapili moja. Ukachagua Songea. Mama yako alipouliza kwa nini, ukasema kule kuna baridi na wewe unapenda baridi. Umezaliwa Bariadi, Kabula. Baridi umeijulia wapi? Nilikwenda stoo nikahesabu magunia niliyokuwa nimeshayahesabu.

Nadhani ni sebule yetu unayotaka iwe mbali. Tangu siku ile ya projekta hujagusa mashine yoyote ndani ya nyumba hii. Mama yako akikuambia washa redio, unasema, "Mwambie baba." Simu yangu ikiita mezani unaniletea umeishika kwa ncha za vidole, kama yai. Mama yako anafikiri ni adabu. Mimi najua ni nini, maana nilikipanda mwenyewe.

Basi tuiongelee projekta. Hatujawahi.

Unakumbuka Guku, baba yangu, alivyoletwa hapa kutoka Kasoli baada ya bibi yako kufariki. Macho yalikuwa yameshaingia ukungu. Alikuja na kigoda chake, blanketi, na ule mkanda wa video wa harusi ya shangazi yako Nkwimba, ambamo bibi yako anaonekana akicheza. Mwaka ule wa harusi bibi alikuwa mzima kabisa. Msimu uliofuata tulimzika. Guku alikuwa hana picha nyingine ya bibi. Tuliuweka kwenye televisheni yetu ya inchi kumi na nne, ile ya kutumia betri ya gari, naye akasogeza kigoda mpaka pua ikagusa kioo. Akasema, "Naona mchwa wanatembea." Tukacheka. Yeye pia alicheka, lakini hakurudi nyuma. Aliendelea kukaa pale, pua kwenye kioo, mpaka mkanda ukaisha.

Ni wewe uliyekuja na wazo. Ulikuwa kidato cha pili, ulikuwa umeona projekta parokiani, picha ikijaa ukuta mzima. Ukaniambia, "Baba, Guku vitu vikubwa anaviona. Mlango anauona. Ng'ombe anamwona. Bibi akiwa mkubwa kama ukuta, atamwona."

Nikasema sawa. Nataka ulikumbuke hilo, kwamba mwanzoni nilisema sawa kwa ajili ya Guku, ingawa haikuchukua siku mbili kabla sijaanza kupiga hesabu nyingine.

Ilikuwa miaka ile ambayo kila aliyeuza magunia mawili matatu ya pamba alijiona tajiri anayekuja. Wanunuzi binafsi walikuwa wanaingia vijijini na mizani zao, mimi nikawa wakala wao mmoja, na maduka ya Mwanza yalikuwa yamejaa vitu vya Dubai ambavyo zamani tulikuwa tunavisikia tu. Nilikuwa na laki tisa za kuchezea. Fedha ya kati na kati: ukikosea huwezi kurudi kununua tena. Nikakuchukua tukaenda wote, kwa sababu ulikuwa likizo na kwa sababu Kiingereza cha kwenye makopo na maboksi unakijua wewe.

Duka lile lilikuwa na projekta mbili, zote zilizotumika. Moja ilikuwa ndogo, imewekwa mbele kabisa, karibu na dirisha. Ilikuwa inaonyesha kwenye karatasi nyeupe iliyobandikwa ukutani, picha si kubwa sana, lakini mchana ule, jua likiingia, unaona mpaka vifungo vya shati la mtu. Laki tisa kamili, muuzaji hashuki. Ya pili tulipelekwa chumba cha nyuma, chenye pazia jeusi. Unakumbuka ulimuuliza yule kijana, "Kwa nini tuingie huku?" Akakujibu, "Mdogo wangu, sinema ni gizani." Akawasha. Picha ikajaa ukuta kutoka pembe hadi pembe. Mimi nikaona ukubwa. Laki sita na nusu.

Nilipotoka chumba kile nilikukuta umesimama palepale dirishani, kwenye ile ndogo. Ukaniambia kwa sauti ya chini ili muuzaji asisikie, kama nilivyokufundisha, "Baba, hii inaonekana hata hapa. Ile ya ndani ina giza. Guku atahitaji yenye mwanga."

Nami nikakujibu, "Guku ni mmoja."

Ndivyo nilivyosema. Kwenye kichwa changu laki mbili na nusu zilizobaki zilikuwa zimeshageuka viti ishirini vya plastiki na petroli ya jenereta, na kila kiti kilikuwa na mtu, na kila mtu ameshika shilingi mia mkononi. Macho ya mzee mmoja yangeingia wapi humo? Niliona nimefanya hesabu nzuri sana. Njiani kurudi ulikaa umekumbatia boksi, mimi nikakueleza faida, wewe ukawa unaangalia nje.

Kuna kitu ulikuwa hukijui uliposimama pale dirishani. Si kisingizio, lakini ukijua utaniona vizuri zaidi, hata kama sura yenyewe si nzuri. Nilipokuwa na umri wako wa wakati ule, Guku aliuza ng'ombe saba akampeleka kaka yangu Maduhu shule ya bweni. Mimi nilibaki Kasoli nachunga waliosalia. Hesabu nilijifunzia kwenye mizani ya pamba, nikimwangalia karani anavyoliinua gunia la mkulima kwa goti ili uzito upungue. Ng'ombe wenyewe wakaja kuisha kwa ugonjwa, mmoja mmoja, nikabaki na fimbo. Kila nilichopata baada ya hapo, baiskeli, duka, nyumba hii, nilikuwa namwonyesha Guku kimoyomoyo: unaona? Kisha ilipofika siku ya kulelewa, akaletwa kwangu. Maduhu yuko Dar es Salaam na shahada yake, anatuma salamu. Na macho ya kuona nilichojenga, Guku hana tena. Kwa hiyo uliponitajia Guku pale dukani, mwenzio nilikuwa nahesabu ng'ombe saba.

Yule muuzaji alituambia jambo moja la mwisho akiwa anafunga boksi. Ulilisikia wewe, nililisikia mimi. Alisema, "Mzee, taa yake inachemka sana. Ukizima, usikate umeme. Humu kuna feni, iache izunguke mpaka isimame yenyewe. Na ukishazima, usiwashe tena mpaka ipoe. Taa ikipasuka, taa peke yake ni laki nne, na haipo hapa, mpaka iagizwe." Nikaitikia. Kufika nyumbani nikapiga hesabu: jenereta lizunguke bure, hakuna anayetazama, kila siku ya onyesho, eti kupoza taa? Kwa petroli ya kununua kwa chupa? Nikaona ni maneno ya watu wa mjini wenye umeme wa ukutani. Sisi kwetu nguzo zilikuwa bado hazijafika. Nikawa mtu wa mwisho akitoka tu, nakwenda nyuma ya nyumba, nakata jenereta, basi.

Na bei ya taa sikuiweka popote kwenye hesabu yangu. Mimi, ninayejulikana soko zima kwa kutoibiwa kilo.

Halafu nikakuweka mlangoni. Nikafunga kamba ya magunia kwenye mlango wa sebule, nikakupa kopo, nikakuambia hapiti mtu bila mia. Sebule ambayo mama yako alikuwa anapokelea wageni kwa uji. Rafiki zako wa darasani walikuja wakakukuta na kopo, wakalipa, na sikuwaona tena kuja bila kulipa, yaani sikuwaona tena wakija kukusalimia tu. Hilo nililigundua baadaye sana.

Unawakumbuka wale wazee wawili wa Kasoli, rika la Guku, waliokuja na kuku wamemfunga miguu? Walikuta kamba. Mmoja akashika kofia yake mkononi akasalimia Kisukuma, "Mwadila, mjukuu. Tumekuja kumsalimia mwenzetu mwenye macho mabovu. Hatukujua ana kiingilio."

Jirani yetu Shija alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, akadakia kwa sauti, "Lipeni tu, wazee! Kwa huyu ngosha hata kuku wenu atakatiwa tiketi!"

Watu wakacheka, na mimi nikacheka, nikidhani nasifiwa. Wewe ulinyanyua kamba ukawapitisha, ukawaamkia kwa magoti. Usiku ule nikakuambia mia zao mbili zitatoka kwenye fedha yako ya madaftari. Na kweli nilizikata. Ukaandikia nyuma ya daftari la zamani mpaka muhula ukaisha, na hukumwambia mama yako.

Na Guku? Guku alikaa mbele kabisa kwenye kigoda chake kila Jumapili, mkanda wake ameufunga kwenye kitambaa. Filamu za mapigano alikuwa hazioni. Ilikuwa kama ulivyosema: picha kubwa, lakini ya rangi ya chai, na yeye alihitaji mwanga. Alikuwa anangoja zamu yake. Jumapili ya kwanza nikamwambia, watu wakiondoka. Watu wakaondoka, nikaangalia petroli, nikasema wiki ijayo. Ya pili nikasema hivyohivyo. Alisema tu, "Haya, baba." Unajua alikuwa ananiita baba kila alipokuwa ananiomba kitu.

Ya tatu unaijua, lakini unaijua kwa upande wako. Mimi nitakuambia nilivyoiona.

Watu walipotoka nilikwenda nikakata jenereta kama kawaida. Nikawa nje na Shija tunapanga viti, na kopo nimelibana kwapani. Nikasikia Guku ndani ya giza akiuliza, "Zamu yangu?" Ukasema, "Ngoja nimwombe baba." Ukaja mlangoni. Hukulia, hukunung'unika. Ulisema, "Baba, leo ni Jumapili ya tatu." Ile sauti yako ya kuhesabu ni yangu mimi, na ilinichoma. Nikasema haya, nawasha. Ukasema, "Tusubiri kidogo. Mashine bado ya moto sana. Yule kaka alisema ipoe kwanza."

Nikakujibu, "Petroli unanunua wewe? Unataka Guku aone au hutaki?"

Ukaingia kuuchukua mkanda kwa Guku.

Nikavuta kamba ya jenereta, nikaingia ndani, nikabonyeza mimi mwenyewe. Kabula, mkono uliobonyeza ni huu unaoandika. Taa ikawaka nyeupe, ukuta wote ukawa mweupe kwa muda wa kupepesa macho, kisha ikalia kama glasi iliyomwagiwa maji ya moto, tukabaki na harufu. Wewe ulikuwa umesimama kando ya deki ya video na mkanda mkononi. Mkononi, hujauingiza. Niliuona kwa mwanga uleule mmoja.

Na katika giza lile Guku akasema, polepole kabisa, "Nimemwona. Amepita haraka. Alikuwa na nguo nyeupe."

Mpaka leo sijui kama aliamini hivyo au alituonea huruma. Kwenye harusi ile bibi yako alivaa njano.

Shija akaingia na tochi anauliza kumetokea nini. Hapo ndipo penyewe. Nilikuwa nimesimama mbele ya baba yangu, mbele ya jirani, laki sita na nusu zimepasuka mkononi mwangu, na mtu aliyenionya dukani, akanionya tena mlangoni, ni mtoto wangu wa kidato cha pili. Nikakugeukia nikasema, "Umegusa nini?"

Ukasema, "Sijagusa."

Nikamwambia Shija, "Mtoto amegusa mashine."

Kesho yake Somanda nzima ilikuwa inajua. Shija hakukosa la kusema kila ulipopita dukani kwake: "Fundi huyo, ficheni redio zenu!" Ulikuwa unatabasamu. Mimi nilikuwa nasikia, naendelea kupima sukari ya mteja.

Hukugusa kitu. Naandika tena ili uwe nayo kwa mkono wangu: hukugusa kitu. Taa niliipasua mimi kwa ubahili wa petroli isiyofika lita, na mashine ile niliichagua mimi, na nilijua yote mawili palepale, tochi ya Shija ikiwa inakumulika usoni. Haikuwa kosa la mtu asiyejua.

Kuna lingine, na hili hukujua kama nilikuwepo. Masika yale, mchana mmoja wa mvua, nilikuwa barazani nashona magunia, chini ya dirisha la sebule. Mama yako alikuwa amewasha ile televisheni ndogo, yeye ndiye aliyekuwa anabonyeza deki. Nilichungulia mara moja. Wewe ulikuwa umekaa mkekani, mikono yako umeikalia, umeiweka chini ya mapaja. Guku alikuwa amegeuza kigoda, hatazami kioo tena. Alikuwa anatazama upande wa sauti yako.

"Amevaa nini?" aliuliza.

"Kitenge cha njano, Guku. Kina ndege."

"Eeh. Anacheza?"

"Anaanza. Ameshika kiuno. Sasa anacheka, amefunika mdomo."

"Ni lile jino," Guku akasema, akacheka mpaka akakohoa. "Mayu, rudisha hapo," akamwambia mama yako, na mama yako akarudisha, nawe ukasema tena, vilevile, kiuno, kicheko, mdomo.

Kisha ukasema, "Na huyu anayekuja ni baba. Ana baiskeli. Nguo zake zina vumbi la pamba."

"Amefika?"

"Amefika, Guku. Kachelewa. Bibi amemwona. Ameacha kucheza, anamfuata."

Guku akasema, "Maduhu nilimpa shule. Huyu nikamwachia ng'ombe. Mimi nilidhani nimemwachia kikubwa."

Sindano ilibaki ndani ya gunia. Miaka yote ile, Kabula. Kwa Msukuma wa umri wake, anayebaki na ng'ombe ndiye aliyepewa nyumba. Mimi nilisoma kwamba nimenyimwa. Ningeinuka nikaingia mlangoni, hatua chache tu, kamba nilikuwa nimeshaifungua. Nikaendelea kushona.

Hata hapo nafasi ilikuwa bado ipo. Msimu ule nilipata. Fedha ya taa ilikuwepo, laki nne taslimu, ningeiagiza, na Guku angeona, au angesema anaona. Nikanunua mizani ya pili. Nilijiambia Guku yupo tu, taa itanunuliwa msimu ujao. Msimu ujao tulikuwa tunamchimbia kaburi Kasoli, ubavuni kwa bibi yako. Wale wazee wawili walikuja. Hakuna aliyewadai kitu, wakakaa upande wa mbali nami hata hivyo.

Sasa unakwenda kuanza kupata vyako. Utapata mshahara wa kwanza, utataka kununua kitu, godoro, redio, labda kikubwa zaidi. Watakupeleka chumba cha nyuma chenye pazia. Wewe sema kitoke nje, kwenye jua, pale kitakapoonekana vibaya kuliko pote, ndipo uulize bei. Uliza pia ndani yake kuna nini kinachoungua, na fedha ya kukinunua kingine uiweke kando siku hiyohiyo. Hayo uliyajua ukiwa na sare ya shule, najisumbua kukuandikia. Lakini kuna la tatu ambalo labda hujui, maana hujafika umri wa kukasirikia wazazi kwa miaka thelathini. Kabla hujatoa fedha jiulize kitu hiki ni cha nani, na jina litakalokujia la kwanza usiliuze kwa viti ishirini. Mimi nililiuza, na viti vyenyewe unaviona, vimekatika miguu, mama yako anaegemezea nyanya bustanini.

Nimemaliza ya nyuma. Sasa sikiliza ya kesho.

Mwezi uliopita niliposema nakwenda Mwanza kufuata spea za mizani, nilidanganya. Nilikwenda na mkanda. Niliutoa kwenye sanduku la mama yako, bado umefungwa kwa kitambaa cha Guku. Nilizunguka maduka manne. Kila duka nilimwambia muuzaji aiwashe projekta mlangoni. Mmoja akaniambia, "Mzee, projekta hailetwi juani!" Nikamwambia, basi yako haifai, nina mtu anayetaka kuona mchana. Duka la nne wakakubali. Ni ndogo, picha yake haifiki hata nusu ya ukuta wetu. Niliwapa mkanda wajaribu. Ikatokea njano. Njano tu, pindo la kitenge na mguu wa mama yangu ukikanyaga vumbi la Kasoli, palepale barabarani, watu wakipita na mizigo. Nikawaambia, "Zimeni." Dada muuzaji akashtuka, akauliza ina kasoro? Nikasema haina, funga. Nikainunua, pamoja na taa ya pili papo hapo. Nimevunjika kidogo kifedha, lakini hilo ni langu.

Sijawahi kuutazama ule mkanda, Kabula. Hata mara moja. Siku ile ya mchwa nilimtazama Guku, sikutazama kioo; siku nyingine za uhai wake sikutaka, na baada ya hapo sikuweza. Siku yenyewe ya harusi nilifika nimechoka, nina hasira za mizani, na kama mama yangu aliacha ngoma akanifuata, sikumbuki. Nimelisikia kwako tu, kupitia dirishani.

Gari la Mwanza, la kukuunganisha na basi la Songea, linaondoka saa saba mchana. Shija anakuja na pikapu yake saa sita kukupeleka stendi. Jana nilikwenda dukani kwake, nikamwambia mbele ya wateja wake taa ile aliipasua nani. Akasema, "Ngosha, miaka yote hii umeniacha namtania mtoto wa watu?" Akakataa hata fedha ya mafuta. Atataka kukwambia kitu mwenyewe, mwache aseme.

Asubuhi utaikuta barua hii juu ya sanduku lako. Ukimaliza kusoma, ukiona bora kukaa jikoni na mama yako mpaka Shija afike, kaa. Sitakuja kugonga, na Songea ni chuo kizuri. Ukiamua kuja, mlango wa sebule utakuwa wazi. Nimeweka kiti kimoja na kigoda cha Guku. Kigoda nitakalia mimi. Mkanda uko mezani na deki iko tayari, uweke wewe kwa mikono yako, kisha unionyeshe nani ni nani, kama ulivyokuwa unamwonyesha. Macho yangu ni mazima, lakini sidhani kama nitaona vizuri peke yangu.

Umeme ukikatika, jenereta lina petroli tangi zima. Na tukimaliza, sitakata. Shija akipiga honi apige, gari la Mwanza likijaa lijae. Tutakaa palepale, wewe na mimi, mpaka feni isimame yenyewe.

Baba yako